Kitanda cha Mfumi katika Nchi Yetu

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha mwaka wa kumi wa Chama chetu Kikuu mtasoma mengi juu ya mizani, maghala na malipo ya pamba. Sisi tumepewa nafasi ndogo kueleza jambo la zamani zaidi, nalo ni kwamba wazee wetu wa Unyamwezi waliisokota pamba yao na kuifuma wenyewe.

Ufundi huo ni wa kale. Ibn Battuta, aliyepita pwani mwaka 1331, aliandika kwamba nguo za Mogadishu zilipelekwa hata Misri. Huko Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vigae vilivyotobolewa katikati, ambavyo wasokotaji walivitia katika vijiti vyao vipate kuzunguka kwa uzito. Na huku bara, Richard Burton alipofika Unyanyembe mwaka 1857, alikuta vitanda vya wafumi katika nchi ya Wanyamwezi. Ufipa kazi hiyo iliendelea hata karne ya 20.

Kilichowashinda wafumi ni merikani. Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 baina ya Sultani Said na Marekani, meli za Salem zilileta Unguja nguo zilizofumwa kwa mashine huko Massachusetts. Wapagazi wakazichukua mpaka Tabora, zikawa ndizo fedha za njiani na ndizo hongo za watemi. Hata vita vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipozipunguza, nguo za Bombay ndizo zilizoshika nafasi yake. Wasemao kwamba wazee waliacha kufuma kwa uvivu, hao hawajapata kusokota uzi! Nguo yenye upana wa sentimita 60, ikiwa na nyuzi 8 kwa kila sentimita, yataka nyuzi 480 za mtande. Na ikiwa urefu wake ni mita 2, basi ni mita 960 za uzi uliosokotwa kwa mkono, nao mshindio haujahesabiwa.

Mwaka jana vijana sita wa vyama vya msingi walijifunza kutanda kitanda cha namna ile ya zamani, kilazwacho chini. Hupigwa vigingi vinne, na miti miwili hufungwa humo, mmoja mbele na mmoja nyuma. Uzi hupitishwa toka mti huu hata ule, ukipishana katikati kama tarakimu ya 8. Na kupishana huko kusipolindwa kwa vijiti, hapana awezaye kujua tena uzi upi watangulia upi. Kisha kila uzi wa pili hutiwa katika kitanzi, na vitanzi vyote hufungwa katika kijiti kimoja. Kijiti kikiinuliwa, nusu ya mtande hupanda na mshindio hupita; kikishushwa, ubao ulio nyuma yake husimamishwa kwa ubavu, nusu ya pili ikapanda. Kila mshindio hupigwa kwa upanga wa mti.

Kwa maneno ni rahisi. Mara ya kwanza tulipiga vigingi katika mchanga wa uani kwa ghala. Kadiri nyuzi zilivyoongezeka, ndivyo vigingi vilivyoinamiana, hata nyuzi za kwanza zikalegea ilhali za mwisho zimekaza kama kamba ya ngoma. Tulifuma kiasi cha shubiri moja, nguo ikajikunja, tukalazimika kuukata mtande wote. Uzi ule akina mama walikuwa wameusokota kwa miezi miwili. Katika kikao cha kamati wako waliosema kazi hii ikomeshwe, na kwa kweli hatukuwa na jibu jema la kuwapa.

Mzee mmoja, ambaye babu yake alikuwa mfumi, ndiye aliyetuambia tuhamie penye udongo wa kichuguu, tushindilie kwa maji, na vigingi vielekee nje kidogo. Akina mama wakakubali kusokota tena. Mtande wa pili ulisimama. Nguo yake imetundikwa katika ofisi ya Chama Kikuu. Upande wa kushoto umepinda, nasi hatukuuficha.

Mwanachama aliye na kijiti cha kusokotea au upanga wa kufumia ulioachwa na wazee nyumbani kwake, twamwomba amwonyeshe karani wa chama chake cha msingi, vijana wapate kuupima na kuchonga mwingine.