Nyundo, Bunduki na Sheria katika Karagwe

Watu wa pwani husema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Methali hii ilitungwa kwa vyombo vya bahari, lakini yafaa pia kwa vyombo vya nchi kavu, na hata kwa bunduki. Nyuma ya kila bunduki iko karakana; ndani ya karakana zimo nyundo, tupa, keekee na jiliwa; na nyuma ya zana hizo yuko mwenyewe, aliyezitumia au aliyeziazimisha. Sheria haipati taabu kumtambua aliyekamatwa na bunduki mkononi. Taabu yake huanza inapouliza habari za aliyeazimisha nyundo. Insha hii yataka kulitazama swali hilo katika historia ya Karagwe, nchi ya Wanyambo iliyo magharibi ya mkoa wa Kagera, ambayo leo imo katika wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa.

Zamani za wafalme, kazi ya kufua chuma haikuwa kazi ya mtu binafsi tu. Ilikuwa jambo la enzi. Miongoni mwa vitu vya ufalme wa Karagwe zilikuwamo nyundo za chuma na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma, na mapokeo humtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mfalme aliyekuwa mhunzi mwenyewe. Maana yake ni wazi. Jembe lililolima na mkuki uliolinda vilitoka katika moto mmoja. Kwa hiyo aliyetaka kutawala nchi alitaka ajulikane kuwa bwana wa moto huo. Nyundo haikukatazwa, bali ilitiwa chini ya heshima na mamlaka.

Bunduki zilikuja baadaye, kwa njia ya biashara ya pembe za ndovu. Speke alipofika kwa Rumanyika katika mwaka wa 1861, wafanyabiashara wa Kaze, yaani Tabora, walikuwa wamekwisha kuijua njia ya Karagwe, na bunduki zao zilikuwa zimekwisha kupimwa katika magomvi ya wenyeji. Hapo ndipo mizani ilipogeuka. Mkuki ulifuliwa nyumbani, na mfalme alimjua mfuaji wake. Bunduki ilitoka mbali, na mfuaji wake hakujulikana.

Mataifa ya Ulaya nayo yaliliona jambo hili, ingawa kwa faida yao. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilipatana juu ya mipaka, na Karagwe ikaangukia upande wa Ujerumani. Siku ya pili yake, tarehe 2 Julai, ulitiwa sahihi Mkataba wa Brussels, ambao pamoja na kupinga biashara ya watumwa ulizuia kuingizwa kwa bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika, toka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hata nyuzi 22 kusini yake. Lakini mkataba ule uliacha mlango mdogo: bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuruhusiwa kwa masharti. Mwafrika aliachiwa silaha iliyopitwa na wakati, na mtawala akabaki na iliyo bora. Silaha hiyo ya kushindiliwa kwa mdomo ndiyo tuiitayo gobori au gobole. Na kwa kuwa umbo lake si gumu, fundi wa kijijini aliweza kuitengeneza ilipoharibika, na mwishowe kuiunda upya.

Sheria za baada ya uhuru zilirithi hofu ile, zikaipanua. Sheria ya Silaha na Risasi ya mwaka 1991 ilifutwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kabla yake ilikuwapo Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001, kisha Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, iliyozihusu nchi za Maziwa Makuu, Pembe ya Afrika na jirani zake. Katika itifaki hizo, uundaji ni haramu kwa mojawapo ya sababu tatu: kuunda bila leseni, kuunda bila kutia alama, au kuunda kwa vipande vilivyopatikana kwa njia ya magendo. Msomaji ataona kwamba nyundo haimo katika sababu hizo.

Je, mwenye nyundo ameokoka? La. Itifaki ya mwaka 2001 yataja pia kusaidia, kurahisisha na kutoa shauri. Na Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 22, humhesabu kuwa mkosaji yeye atendaye jambo kwa kusudi la kumwezesha mwingine kutenda kosa. Neno zito hapa ni kusudi. Aliyeazimisha keekee ili jirani yake atoboe bawaba ya mlango hana hatia, hata kama jirani alitoboa kingine. Aliyeiazimisha akijua kwamba gobole laundwa, naye akataka liundwe, amekwisha kuwa mshirika.

Nchi nyingine zimeuchora mpaka huu mahali pengine. Huko Marekani, sheria ya taifa humruhusu mtu asiyekatazwa kumiliki silaha kujiundia bunduki yake bila leseni, maadamu haifanyi biashara. Wapenzi wa kazi hiyo wakaanza kukodi mashine katika karakana za watu. Mnamo Januari 2015 idara ya serikali inayosimamia silaha ilitoa uamuzi kwamba mwenye karakana anayefanya biashara ya kuwapa wateja mashine zake ili wakamilishe bunduki ni muundaji yeye mwenyewe, nayo leseni yampasa. Huko kusudi la kuunda silaha si kosa, kwa hiyo sheria imeitazama biashara. Kwetu kuunda bila leseni ni kosa, kwa hiyo sheria yatazama moyo wa aliyesaidia.

Jambo hili si la darasani tu. Karagwe na Kyerwa zapakana na Rwanda, na Kyerwa yapakana na Uganda pia. Hifadhi za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa zilifanywa hifadhi za taifa katika mwaka wa 2019. Gobole moja huko laweza kufukuza ngedere shambani, kuua mnyama wa serikali, au kuvunja nyumba ya mtu usiku. Mashtaka ya kumiliki silaha bila kibali husomwa pamoja na sheria ya uhujumu uchumi, na adhabu yake ni ya miaka mingi. Tena fundi wa kuchomelea, ambaye zana zake hupita mikono kumi kwa juma, si rahisi kuuthibitisha moyo wake mbele ya hakimu.

Kwa sababu hiyo mpaka wa kusudi wastahili kulindwa na pande zote mbili. Dola isigeuze kila jiliwa kuwa shahidi wa kosa, maana nchi isiyoazimana zana haijengi. Na fundi asijifanye kipofu kwa kazi aijuayo. Wafalme wa Karagwe waliiheshimu nyundo, lakini hawakuacha kumjua aishikaye.