Asad

Asad (أسد, wingi wake usud) ndilo jina la simba lililozoeleka kuliko yote katika Kiarabu. Simba jike ana jina lake, labua. Majina mengine ni mengi mno, yakiwemo laith, usama, haidar, ghadanfar na qaswara. Mwanasarufi Ibn Khalawayh wa karne ya 10 hutajwa kuwa alikusanya 500.

Lugha ndugu za Kiarabu hazimwiti mnyama huyu kwa jina hilo. Kiebrania kina ari na layish, Kiaramu arya. Yenye ndugu huko ni laith, linalolingana na layish, na labua, linalolingana na lavi, jina jingine la Kiebrania. Hata hivyo, herufi za asad hupatikana katika maandishi ya Kisaba ya Yemeni ya kale, na humo maana yake ni wanaume, hasa wapiganaji.

Utajiri wa neno hili umo katika kitenzi chake, asida. Hubeba maana mbili zinazopingana: kuduwaa kwa hofu mtu amwonapo simba, na kuwa jasiri kama simba mwenyewe. Katika hadithi mashuhuri ya Ummu Zar', mke mmoja amtumia kitenzi hicho mumewe, kwa maana ya pili, akieleza alivyo atokapo nje. Masada ni mahali penye simba wengi, na istasada husemwa mtu apatapo ujasiri, hata mimea inaposhamiri na kusongamana. Lugha haizai matawi kama haya kwa mnyama wa kusimuliwa tu. Waarabu wa kale waliishi naye.

Asad ni pia jina la makabila na koo. Maandishi ya kaburi la mfalme Imru' al-Qays, yaliyopatikana Namara, Syria, na kuandikwa mwaka 328, yanawataja Asad wawili miongoni mwa aliowatawala. Bibi Khadija alitoka ukoo wa Asad wa Makuraishi. Hamza, ami yake Mtume, aliitwa Asadullah, Simba wa Mungu, na lakabu hiyo akapewa pia Ali, ambaye mama yake ni Fatima binti Asad.

Waswahili walimwachia mnyama jina lake la Kibantu, simba. Asadi wakalipokea kwa majina ya watu na katika elimu ya falaki, ambamo ni buruji ya tano, baada ya Saratani na kabla ya Sumbula. Nyota yake ing'aayo zaidi Waarabu huiita Qalb al-Asad, moyo wa simba.