Munganga Kasongo, Msaidizi Ng'ambo: Historia ya Diploma ya Uuguzi Katika Maniema ya Kusini

1. Utangulizi

Katika Kiswahili cha Kasongo na Kabambare, neno munganga lina uwanja mpana kuliko ule wa mganga katika Kiswahili sanifu cha leo. Mgonjwa humwita hivyo daktari wa hospitali. Humwita hivyo pia muuguzi wa kituo cha afya kijijini, ambaye humpima, huamua ugonjwa wake na kumpa dawa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba matumizi hayo si kosa la watu wasiojua vyeo. Ni ushahidi wa kihistoria kwamba tiba ya kisasa katika Maniema ya kusini imebebwa na muuguzi. Ushahidi huo ndio unaosaidia kueleza anachopoteza muuguzi wa huko anapohamia ng'ambo kutafuta kazi.

2. Miji ya njia

Kuhama si jambo geni kwa wenyeji wa sehemu hizi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, misafara iliyovuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji ilipita Kabambare kuelekea Kasongo, makao ya Tippu Tip, na Nyangwe kando ya mto Lualaba. Kiswahili kiliingia kwa njia hiyo. Watu wa Maniema walitoka kwa njia hiyohiyo, wengi wao wakiwa watumwa na wapagazi, na jina la Wamanyema likaenea Ujiji, Bujumbura na hata pwani. Kwa hao, aliyehama alihesabiwa kwa nguvu za mabega yake. Muuguzi wa karne ya 20 alikuwa mhamaji wa namna nyingine, kwani alibeba diploma, na thamani ya diploma huamuliwa na yule anayeipokea.

3. Muuguzi katika nafasi ya daktari

Utawala wa Wabelgiji uliwafundisha Wakongo uuguzi na, tangu miaka ya 1930, ukawaandaa baadhi yao kuwa wasaidizi wa udaktari. Udaktari kamili ulibaki mikononi mwa Wazungu. Tarehe 30 Juni 1960, Kongo ilipopata uhuru, haikuwa na daktari Mkongo hata mmoja, na madaktari wengi wa Kibelgiji waliondoka katika machafuko yaliyofuata. Shirika la Afya Duniani lilileta madaktari wa kigeni, na papo hapo likawapeleka makumi ya wasaidizi wa udaktari katika vyuo vikuu vya Ufaransa wakamalize masomo. Hawakurudishwa mwaka wa kwanza, bali elimu na kazi yao ya awali vilihesabiwa. Katika miaka ya 1960 walirudi nyumbani wakiwa madaktari.

Kasongo ilipata sura yake ya pekee mwaka 1971, pale Taasisi ya Tiba za Nchi za Joto ya Antwerp ilipoanzisha huko Mradi wa Kasongo. Miongoni mwa waliouongoza kwa fikra na kwa kazi walikuwamo Pierre Mercenier, Harrie Van Balen na Wim Van Lerberghe. Msingi wake ulikuwa kituo cha afya kilicho karibu na watu na kinachosimamiwa na muuguzi, huku hospitali ikibaki kwa wagonjwa waliomshinda. Kazi ya daktari ilikuwa kumfundisha muuguzi, kumtembelea na kupokea wagonjwa aliowatuma.

Matokeo yalivuka mipaka. Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa kundi la mradi huo kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo. Zaire nayo iligawa nchi nzima katika zoni za afya 306 katika miaka ya 1980, kwa kufuata fikra ambazo Kasongo ilikuwa mojawapo ya chemchemi zake. Vita vya 1996 na vya 1998 hadi 2003 vilipokata barabara na ugavi wa dawa, kituo cha muuguzi ndicho kilichokuwa karibu na mgonjwa.

4. Diploma mbele ya mlango

Kwa utaratibu uliodumu miongo mingi, muuguzi wa A2 alianza mafunzo baada ya miaka minane ya shule, akasoma uuguzi kwa miaka minne. Muuguzi wa A1 alisoma miaka mitatu ya chuo baada ya diploma ya serikali. Vituo vingi vya vijijini viliongozwa na watu wa A2.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Ulaya iliweka kima cha chini cha elimu ya muuguzi: miaka kumi ya shule, kisha mafunzo ya miaka mitatu au saa 4,600. Agizo la mwaka 2005 lililochukua nafasi yake lilibakiza saa hizo. Mwenye A2 hukwama hapo. Miaka yake ya uuguzi ni minne, yaani zaidi ya inayotakiwa, lakini miaka ya shule iliyoitangulia haitoshi. Aliyewahi kuongoza kituo akiwa Brussels au Liège hujikuta na njia mbili: kurudi darasani au kushika kazi ya msaidizi wa wauguzi.

Sheria hiyo haikutungwa kumdhalilisha mtu, kwani humlinda mgonjwa. Hata hivyo hupima miaka ya shule na mafunzo. Maamuzi ambayo muuguzi aliyafanya peke yake, usiku, mbele ya mtoto mwenye homa kali, hayana safu katika fomu.

5. Hitimisho

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwongozo kuhusu uajiri wa wahudumu wa afya kutoka nchi nyingine, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika orodha ya nchi 55 iliyotolewa mwaka 2023, ambazo upungufu wao wa wahudumu unadai tahadhari. Mwongozo haumzuii mtu kuhama. Unataka pia mhamaji aajiriwe kwa kuangalia sifa, miaka ya kazi na kiwango cha dhima aliyowahi kubeba.

Kiwango hicho cha dhima ndicho kinachotajwa na neno munganga. Wasaidizi wa udaktari wa 1960 walipimwa pamoja na kazi yao, wakarudi na faida kwa nchi. Muuguzi wa A2 asipopimwa hivyo, hasara huwa mara mbili: kijiji cha Kabambare hupoteza munganga wake, na mji wa ng'ambo hupata msaidizi tu.