Mapito ya Buhaya

Nchi ya Wahaya, tangu mto Kagera upande wa kaskazini hata mwisho wa Ihangiro upande wa kusini, imeumbwa kwa safu za vilima ziendazo sambamba na ukingo wa Ziwa Viktoria, kila safu ikitengwa na mwenzake kwa bonde lenye kinamasi, na ile iliyo karibu na maji ikikatika ghafula kwa majabali ya mawe ya mchanga. Na aliyekwisha kulijua umbo hili hana haja ya kuuliza kwa nini mapito ya miguu ya nchi hii ni ya namna mbili, yale yafuatayo mgongo wa kilima, nayo ni mepesi, na yale yakatayo bonde, nayo ni ya taabu. Mvua ya ukanda wa ziwa, ambayo mjini Bukoba hufika takriban milimita 2,000 kwa mwaka na kupungua kadiri mtu aendeleavyo magharibi, huyajaza mabonde yale matope, hata msafiri mwenye akili huona afadhali kuzunguka mbali juu ya mgongo kuliko kulikata bonde la mto Ngono kwa mkato.

Vijiji vyenyewe vimekaa kama visiwa vya migomba katikati ya mbuga za majani ziitwazo rweya. Mgeni hudhani kwamba Muhaya alikuta udongo mwema akapanda mgomba, ilhali kweli ni kinyume cha hayo. Udongo wa nchi hii, uliochujwa na mvua kwa dahari nyingi, ni dhaifu, na majani membamba ya rweya ni ushahidi tosha; bali kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, kimefanywa na watu kwa kuhamishiwa kila siku rutuba ya rweya, ng'ombe wakienda kulisha huko asubuhi na kurudi jioni wakaacha samadi yao nyumbani, na wanawake wakikata majani na kujitwika kichwani, mengine ya kutandika ndani ya nyumba ya msonge, mengine ya kufunikia mashina ya migomba. Kibanja kilichorithiwa vizazi kwa vizazi ni kazi ya njia ya miguu kabla ya kuwa kazi ya jembe. Na sotoka ilipoingia katika nchi za maziwa makuu mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikafyeka ng'ombe karibu wote, samadi ilipungua, na mzigo wa kukilisha kibanja ukazidi juu ya vichwa vya akina mama, ambao tarikhi zilizoandikwa haziwataji ila kwa nadra.

Tofauti ya mahali pawili hapa, kijijini na rweyani, huonekana katika mapito yenyewe. Ndani ya kijiji kijia ni chembamba, chenye kivuli, nacho hupinda kila hatua kadhaa kwa sababu hufuata mpaka wa kibanja na kibanja, mpaka ambao aghalabu huonyeshwa na miti ya mlamula iliyopandwa kwa makusudi hayo, wala hakithubutu kumkata mtu shamba lake. Lakini kikisha kutoka migombani na kuikuta rweya, ambayo kwa desturi ya zamani ilikuwa malisho ya kijiji kizima, huachana na adabu hiyo na kwenda moja kwa moja, kikigawanyika mara mbili tatu, kwa kuwa hapo kila mtu hupita apendapo. Msimu wa senene, wale panzi waliwao, ukifika, mwezi wa Novemba, vijia vipya vya wawakamatao huzuka rweyani kwa siku chache kisha hufutika.

Ukale wa nyendo hizi haukadiriki kwa miaka mia mbili au tatu. Pale Katuruka, katika nchi ya Kyamutwara karibu na Maruku, wazee walimwonyesha mwanachuoni wa Kimarekani Peter Schmidt, aliyeanza utafiti wake mwishoni mwa miaka ya 1960, mahali pa mti mtakatifu wa Kaiija, ambapo masimulizi yao yalisema kwamba chuma kilifuliwa huko nyuma. Akachimba, akakuta makaa na mabaki ya tanuri ambayo vipimo viliyapa umri wa takriban miaka 2,500. Ufuaji wa chuma ni kazi ya kubeba kuliko kazi nyingine yoyote ya kale, kwani mawe yenye madini yapo huku, udongo wa tanuri upo kule, na kuni za makaa hutoka kokote msitu uliko, na pale msitu ulipokwisha watu walikwenda kuutafuta mbali zaidi. Mimi huona ajabu kwamba waliosifu hekima ya wafua chuma wa Buhaya, na wanastahili sifa, hawakuwakumbuka sana waliowapelekea makaa.

Zilipokuja tawala za wafalme walioitwa Bakama, yaani Kiziba, Kyamutwara, Bugabo, Bukara, Kianja, Ihangiro na Missenyi, pamoja na Karagwe iliyo upande wa magharibi, kila moja ilikusanya mapito yake kuelekea kikale, yaani jumba la Mukama, kwa kuwa huko ndiko ilikopelekwa kodi ya ndizi na vibuyu vya rubisi, pombe ya ndizi, na ndiko walikokwenda vijana kutumika na wakungu kupokea amri. Kahawa nayo, ambayo katika nchi hii si mmea wa kigeni, ilikuwa na heshima ya pekee: buni zake zilichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, mgeni akapewa azitafune, na buni mbili za tunda moja ndizo walizogawana wale wafanyao udugu wa damu, na kwa ajili ya heshima hiyo Bakama hawakuacha kila mtu apande mibuni kama apendavyo.

Sasa yatupasa kutazama magharibi, maana kabla ya mwaka 1890 utajiri wa nje uliingia Buhaya kwa upande huo. Njia kuu ya misafara ilipanda kutoka Unyanyembe, ikapita Karagwe, ikavuka Kagera na kuingia Buganda. Miongoni mwa wafanyabiashara wa kwanza kufanya urafiki wa kudumu na Karagwe alikuwa Musa Mzuri, Mhindi aliyekaa Kaze, mahali panapoitwa leo Tabora. Na Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Harthi, alifika Buganda kwenyewe mwaka 1852. Kituo chao cha Karagwe kilikuwa Kafuro, ambapo palikuwa na nyumba za Waarabu na maghala ya pembe. Mwingereza Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika mwezi Novemba 1861, alipokewa na mfalme aliyekwisha zoea wageni wa pwani kwa muda mrefu, na Januari iliyofuata akaendelea kwenda Buganda, akimwacha mwenzake Grant kwa maradhi ya mguu. Msafiri Stanley naye alipita huko mwaka 1876.

Njia hii haikuligusa ziwa. Ilipita katika nchi kavu, yenye malisho na mabonde machache, na vilima vyenye mvua vya Buhaya vikabaki pembeni, vikipeleka pembe za ndovu na kahawa ya kutafuna upande wa machweo na kupokea nguo, shanga na nyaya za shaba. Kwa mtu wa Kianja au Kyamutwara wa zama zile, kwa biashara ya mbali, ziwa lilikuwa mgongoni pake.

Rumanyika alifariki dunia mwishoni mwa miaka ya 1870, warithi wakagombana, na milki ya Karagwe ikadhoofika. Kisha, mwezi Novemba 1890, Emin Pasha, yule Mjerumani aliyewahi kuwa gavana wa Ikweta kwa dola ya Misri na ambaye sasa aliwatumikia watu wake mwenyewe, alifika ufukweni mwa ziwa akitoka Bagamoyo kwa njia ya Tabora, akachagua uwanda mdogo ulio kati ya majabali na maji, akajenga boma la Bukoba. Yeye mwenyewe hakukaa. Februari 1891 akaondoka kuelekea magharibi pamoja na mwenzake Stuhlmann, wala hakurudi. Lakini boma likabaki, na mwaka 1892 Mapadre Weupe wakafungua misheni yao Kashozi, mwendo si mrefu kutoka hapo.

Boma peke yake lisingaliigeuza kibla ya mapito. Lililoigeuza ni reli ya Wangereza, ambayo mwezi Desemba 1901 ilifika ziwani huko Kisumu, zikafuata meli za moshi, Winifred na Sybil, hata bidhaa iliyotoka Bukoba ikafika Mombasa kwa siku chache bila kupita Tabora. Mzigo uliokuwa ukishuka magharibi ukaanza kushuka mashariki; ngozi na kahawa zikabebwa vichwani kutoka Kanazi, Kamachumu na Nshamba hata pwani ya ziwa, na njia nyembamba za majabalini, zilizokuwa za wavuvi, zikawa njia za uchumi wa nchi nzima. Wajerumani nao wakaondoa amri za kale za Bakama juu ya mibuni, wakawalazimisha watu kuipanda. Njia zilikuwa zile zile kwa sehemu kubwa. Kilichobadilika ni upande wa kutazamia.

Ubaya wa njia hizo za majabalini waliuonja Wangereza wenyewe. Tarehe 22 Juni 1915, katika vita vya kwanza vya dunia, walishusha askari wao kaskazini ya mji wa Bukoba, na kabla ya kupigana iliwabidi kupanda ule ukuta wa mawe. Siku ya pili waliutwaa mji, wakauvunja mlingoti wa simu ya upepo, wakarudi melini kwenda zao Kisumu.

Katika miaka ya utawala wa Wangereza, uliofuata vita hivyo, magari yalikuja, na barabara zake zikalazwa juu ya migongo ya vilima, yaani juu ya mapito mepesi ya kale. Kahawa ilizidi, na mwaka 1950 wakulima walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, ambacho vyama vyake vya msingi vilipokea kahawa vijijini. Hata hivyo gunia lilitoka kibanjani kwa miguu, kwa sababu gari haliwezi kuingia migombani.

Hapa nitawataja Wafaransa, tupate kulinganisha. Kwao, baada ya vita vya pili vya dunia, serikali iliunganisha vishamba vidogo vidogo kuwa mashamba makubwa ili trekta zipite, na mapito mengi ya mashambani na vichaka vya mipakani vikalimwa vikapotea. Katika zama hizo hizo, mwaka 1947, wapenda matembezi walianza kuchora mistari ya rangi nyeupe na nyekundu juu ya miti na mawe kando ya mto Loire, wakipanga njia ndefu za miguu ambazo leo zimeenea katika nchi yao yote. Na mwaka 1983 sheria ikaziagiza wilaya zao kuu kuyaandika mapito katika daftari. Wao waliyaokoa mapito kwa sababu walikuwa wamekwisha kuacha kuyahitaji. Buhaya haijafika huko, na mistari ya rangi juu ya mlamula ingekuwa kichekesho, ingawa wageni waendao kuona Katuruka sasa hupelekwa kwa miguu na vijana wa hapo hapo.

Thamani ya vijia visivyo na daftari ilidhihirika mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia Kagera na daraja la Kyaka likavunjwa. Familia nyingi zilikimbia kusini kwa njia za migombani, zikiwa na watoto na vyombo.

Ugomvi wa siku hizi ni mwingine. Kibanja hugawanywa kwa warithi hata kikawa kidogo, na mrithi aliyetoka mjini hujenga ukuta wa matofali pale ambapo babu yake alipanda mlamula, akaziba njia ya kisimani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imewapa wahakiki wa mipaka ya kijiji madaraka ya kutenga haki za njia, na ni kheri wayatumie kabla ya matofali, maana kesi ya njia iliyokwisha kuzibwa ni ndefu. Kwa upande mwingine bodaboda wamevirudishia uhai vijia vilivyoanza kuota majani: wanapita kati ya migomba mahali ambapo gari halikupata kuingia, wakibeba gunia la kahawa nyuma na mwenye kahawa juu yake, na wazee hulalamika kwamba vijia vinapanuka na kuchimbika kila mvua, kisha hupanda wao nao.