KABLA HUJAMSEMA MPIGA KINANDA WA SUMBAWANGA, SOMA HII: KUMBE HATA PIANO ILIPIGWA MARUFUKU KANISANI!

Wadau, pale Sumbawanga mjini ubishi wa kila Jumapili ni ule ule. Wazee wanalalamika kinanda kimekuwa cha disko, vijana wa kwaya wanajibu bila mdundo watu wanasinzia. Na kila upande unaapa kwamba kanisa la zamani linauunga mkono. Haya, hiyo zamani ilikuwaje?

White Fathers waliichukua Karema, ngome ya Wabelgiji kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Kutoka kule ziwani ndo Ukatoliki ukapanda mpaka juu Ufipa. Misa ilikuwa Kilatini. Ngoma zilikuwa za harusini na kwenye pombe ya ulezi, siyo za altareni.

Na siyo kwamba mapadri walijiamulia tu. Tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, Papa Pius X alitoa waraka wa muziki wa kanisa. Ngoma marufuku. Vyombo vya makelele marufuku. Piano nayo marufuku! Kilichobarikiwa ni ogani. Wanawake je? Wasiwe wanakwaya kabisa, sauti ya kwanza waimbe watoto wa kiume. Yaani yule mama anayepandisha soprano mpaka vioo vinatetemeka, enzi hizo angekaa kwenye benchi kimya. Walikuja kulegezewa 1955 na Pius XII, tena wakae mbali na altare. Kwa hiyo anayesema "turudi zamani" aulizwe kwanza, zamani ya mwaka gani?

Mwaka 1963 mambo yakageuka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema muziki wa asili wa mataifa ya misioni upewe heshima yake, kwenye ibada pia. Mwaka huo huo padri Mtanganyika, Stephen Mbunga, alitoa kitabu kizima kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwafrika alikuwa ameshaanza kuifanyia kazi hoja hiyo, hakusubiri kuambiwa.

Ila vijana msishangilie sana. Maelekezo ya Machi 1967 kutoka Roma yanakataza chombo ambacho watu wenyewe wanakijua ni cha starehe tu. Hapo ndo penye utata. Ngoma kwa Mzungu inaweza kuwa fujo, kwa Mfipa ni heshima. Lakini biti la bongo fleva lililorekodiwa ndani ya kinanda, ambalo jana usiku lilikuwa baa, mtu wa Sumbawanga mwenyewe analijua ni la wapi. Mwenye kauli ya mwisho ni maaskofu, wakiangalia mila za watu wao.

Halafu kuna kipengele ambacho kwaya nyingi zinakiruka kama hazijakiona. Maelekezo hayo hayo ya 1967 yanasema si vizuri kwaya kuimba kila kitu peke yake na kuwaacha waamini wakitazama tu. Hapo wazee na vijana wote kimya.