Mhandisi wa majaribio ya umeme: Anafanya nini na unafikaje huko?

Transfoma ikishafungwa na nyaya zikishavutwa, umeme bado hauwashwi. Kuna mtu anasubiriwa apime kila kitu, kisha asaini kwamba ni salama. Huyo ndiye mhandisi wa majaribio ya umeme.

Anapima nini?

Kwanza, vitu vinavyozuia umeme usivuje. Nyaya za nyumba ya kawaida hupimwa kwa megga yenye volti 500, na ukinzani wake haupaswi kushuka chini ya megaomu 1.

Mafuta ya transfoma nayo yana kipimo chake. Huwekwa kati ya vyuma viwili vilivyoachana milimita 2.5, halafu volti zinapandishwa hadi cheche iruke. Ikiruka mapema, mafuta yameingia maji au uchafu.

Kisha kuna rilei, kifaa kinachoamuru umeme ukatwe hitilafu ikitokea. Mhandisi huipitishia mkondo unaoiga hitilafu, anaangalia inachukua milisekunde ngapi kutoa amri. Hapa si mchezo: waya ukidondoka njiani na rilei ikagoma, anayeukanyaga anaweza kupoteza maisha.

Unaanzia wapi?

Kwa Tanzania, njia kuu ni mbili.

- Kidato cha nne: Ukiwa na ufaulu wa fizikia, hisabati na kemia, unasoma stashahada ya umeme ya miaka mitatu, mfano DIT au Chuo cha Ufundi Arusha. Unatoka fundi sanifu, na unaweza kuendelea na shahada.
- Kidato cha sita: Wengi hupitia PCM, kisha shahada ya miaka minne, mfano Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Njia ya kwanza ni ndefu zaidi, ila anayeipita hufika kwenye shahada akiwa ameshazoea kushika vifaa.

Shahada pekee haitoshi

Kisheria, ili ufanye kazi kama mhandisi lazima usajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Unaanza kama mhandisi mhitimu. Baada ya angalau miaka mitatu ya kazi chini ya usimamizi, unaweza kuomba kuwa mhandisi mtaalamu. Bodi ina mpango wa mafunzo kwa vitendo, SEAP, kwa ajili ya kipindi hicho.

Ushauri wa bure: kila jaribio unaloshiriki, liandike siku hiyo hiyo. Kumbukumbu hizo ndizo zitakazokusemea mbele ya bodi.

Kazi ziko wapi?

TANESCO, kampuni za ukandarasi, migodi na viwanda. Pia miradi mikubwa: Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, na reli ya SGR inatumia umeme wa kilovolti 25. Na si kazi ya siku ya uzinduzi tu, kwani mitambo hupimwa tena kila inapofanyiwa matengenezo.

Mtihani wenyewe

Hesabu zinafundishika. Kigumu ni pale mradi umechelewa, bosi anapiga simu, wananchi wanasubiri taa, na kipimo kimoja tu kimekataa. Wapo wanaojaza fomu bila kupima ili mambo yaende. Mhandisi wa majaribio analipwa kusema, "Hauwashwi leo," na kubaki hapo hapo hadi kasoro irekebishwe.