Nyanya za Nchi ya Ukungu

Mwaka 2017 nilimpelekea bibi pakiti ya mbegu za nyanya. Niliinunua Makambako, nikasafiri nayo kilomita 60 hivi hadi Njombe ikiwa mfuko wa ndani wa koti, kama mtu aliyebeba hela za ada. Ilikuwa pakiti ndogo ya kung'aa, ina picha ya nyanya nyekundu na herufi F1 pembeni. Mbegu zenyewe zilikuwa chache kiasi kwamba ungeweza kuzihesabu ukiwa unasubiri chai ichemke.

Tulisalimiana, kamwene, kamwene, akapokea pakiti, akaitikisa sikioni.

"Hizi zimezaliwa wapi?" akauliza.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kwa bibi mbegu ilikuwa kama mchumba anayeletwa nyumbani: kabla ya uzuri wake, unauliza kwao. Sikuwa na jibu. Nimelitafuta kwa miaka kadhaa sasa, na nilichokipata ni hiki.

Nyanya ni mgeni Afrika. Jamaa zake wa porini wako Amerika ya Kusini, kwenye miteremko ya Andes, na waliomfuga mpaka akawa tunda la kuliwa ni watu wa Mexico. Kwa lugha yao ya Kinahuatl walimwita tomatl. Wahispania waliuteka mji wao mkuu mwaka 1521, na mwaka 1544 tabibu mmoja wa Italia, Mattioli, alikuwa tayari anaandika habari za tunda hilo jipya. Wazungu wengi walilitilia shaka kwa muda mrefu, kwa sababu lilifanana na mimea ya sumu wanayoijua.

Huku kwetu ukoo huo ulikuwa unaliwa zamani. Mnavu ni wa ukoo huo. Ngogwe pia, nayo ilifugwa hapa hapa Afrika kutokana na jamaa yake wa porini. Hata hivyo leo watu wengi huiita ngogwe "nyanya chungu", kana kwamba mwenyeji ndiye aliyekuja baadaye na kupewa jina kwa kulinganishwa na mgeni. Zanzibar nyanya ni tungule, na Kenya nyanya ni bibi. Kwa hiyo nikisema nyanya yangu ilikufa na nyanya zake zikabaki, Mkenya atanielewa mapema kuliko jirani yangu wa Njombe.

Lakini bibi hakuuliza ukoo umetoka wapi. Aliuliza kuhusu mbegu hizi. Na ukizichunguza aina moja moja za nyanya zilizopita katika bustani zetu, utaona kila moja ilichaguliwa na mtu fulani, kwa ajili ya shida yake fulani, mahali fulani mbali na Njombe.

Moneymaker, aina ndefu ambayo wazee wengi wanaijua kwa jina, ni ya Uingereza, ya mwanzoni mwa karne ya 20. Iliwafaa wakulima wa kule waliokuwa wakipanda nyanya ndani ya nyumba za vioo, mvua ikinyesha nje na majani yakibaki makavu. Marglobe ilitolewa Marekani mwaka 1925, kazi ya mtafiti Fred Pritchard wa Wizara ya Kilimo, wakati ugonjwa wa mnyauko ulipokuwa unamaliza mashamba ya huko. Roma, ile ndefu kama yai lililovutwa, ilitengenezwa Marekani miaka ya 1950. Ina nyama nyingi na maji kidogo, kwa sababu iliandaliwa kwa viwanda vya kusindika. Cal J nayo ni ya California, mmea mfupi unaoivisha matunda yake kwa pamoja, jambo linalomfurahisha mwenye kiwanda kuliko mama anayetaka nyanya mbili leo na mbili kesho.

Ilipofika zamu ya Watanzania kuchagua, matokeo yalikuwa Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa mwaka 1997 na kituo cha utafiti cha Horti Tengeru, Arusha, kwa ushirikiano na kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga chenye makao makuu Taiwan. Hizi ndizo zilizobadilisha masoko yetu. Sifa yao kubwa ni uimara: zinakaa siku nyingi baada ya kuchumwa na hazipondeki upesi njiani. Ukitaka kujua kwa nini sifa hiyo ilipewa uzito, simama Makambako nusu saa.

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inapita hapo, na hapo ndipo inapochomoka ile ya Njombe hadi Songea. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975, ina stesheni hapo. Upepo ni mkali, vumbi halitulii, na kila kitu kiko safarini. Siku niliyonunua ile pakiti, mwenye meza sokoni aliniambia nyanya zake zimetoka Ilula, upande wa Iringa, ambako ni chini na joto kuliko huku. Aliidondosha moja mezani ili nione. Ilidunda.

Nyanya inayodunda ina heshima yake. Bila hiyo, mtu wa mlimani angekula nyanya miezi michache tu kwa mwaka. Lakini ngozi ngumu ni ya lori na tenga. Bibi alikuwa na hatua kumi na mbili kutoka kwenye mmea hadi kwenye sufuria. Hakuhitaji ngozi ngumu. Alihitaji mnyanya usiokufa kwa ukungu.

Neno hilo ukungu lina kazi mbili kwetu. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuna asubuhi ambazo huoni nyumba ya jirani mpaka saa nne. Huo ni ukungu. Halafu kuna madoa ya rangi ya maji machafu yanayotokea kwenye majani ya mnyanya, yanageuka kahawia, shina linakuwa jeusi, na ndani ya juma moja shamba zima linaonekana kama limemwagiwa maji ya moto. Huo nao ni ukungu. Maofisa ugani huuita bakajani chelewa. Bibi hakuona sababu ya kutenganisha: ukungu unashuka asubuhi, ukungu unaua nyanya.

Nikiwa kijana wa shule nilimsahihisha. Nilimwambia ni kimelea, kina jina la kisayansi, Phytophthora infestans. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa amekaribia ukweli. Kimelea hiki hata si ukungu kamili, ni jamaa wa mbali wa mwani, na kama mwani kinahitaji maji. Kinapenda ubaridi na jani lililolowa kwa saa nyingi. Ukungu wa angani ndio unaoukaribisha ukungu wa jani.

Kimelea hiki kina historia ndefu. Ndicho kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845, na watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Afrika Mashariki kilionekana kwanza Kenya mwaka 1941, kwenye viazi. Viazi na nyanya ni ndugu, na kinachoua kimoja huhamia kwa kingine. Sasa fikiria Njombe, mkoa ambao mviringo ni chakula, ni ada ya shule, ni bati la nyumba. Kila upande wa bustani ya bibi kulikuwa na shamba la viazi. Kupanda nyanya katikati ya viazi, mvua ikinyesha, ni kulaza mtoto kwenye wodi ya surua.

Lakini wazee walikuwa na njia yao, nayo haikuwa dawa. Ilikuwa kinyungu.

Vinyungu ni bustani za mabondeni za Wabena na Wahehe. Mvua zikiisha, watu hushuka bondeni ambako udongo bado una maji, huchimba mifereji na kuinua matuta, hupanda mahindi mabichi, maharage, mboga na nyanya. Mnyanya wa kinyungu unaopelekwa tutani Agosti au Septemba hukua wakati anga ni kavu, maji yakiupata kupitia mizizi na majani yakibaki makavu, na huivisha kabla mvua hazijakolea. Ni ile ile siri ya nyumba ya vioo ya Mwingereza, bila kioo. Ndiyo maana Moneymaker ya bibi, aliyoirithi kwa mkwewe na kuitunza mwenyewe, iliishi kwake miaka mingi.

Mwaka 2004 ilitungwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, inayozuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Sababu zake si za kubeza. Tangu mapema miaka ya 1990 Ruaha Mkuu, unaopata sehemu ya maji yake kutoka nyanda hizi, umekuwa ukikauka kiangazi. Lakini kinyungu cha bibi chote kilikuwa ndani ya mita hizo 60. Ilichukua miaka kabla sheria haijafika bondeni kwetu. Ilipofika, tuliambiwa mkutanoni, na bibi akapandisha jembe lake nyumbani. Nyanya zikahamia nyuma ya jiko. Maji ya bomba kiangazi yalikuwa ya kugombania, hivyo akaanza kupanda wakati wa mvua. Misimu miwili tu, Moneymaker ikaisha. Mbegu iliyowahi kupita kwa mkwewe ikaishia kwenye tope jeusi la Februari.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na pakiti yangu.

Mwaka wa kwanza tulibahatika. Tulipanda kiangazi, nikalipia maji, nyanya zikawa za kupiga picha. Bibi alifanya alichofanya siku zote: alichagua tunda zuri, akakamulia mbegu kwenye glasi, akaziacha siku tatu mpaka zikatoa povu, akaziosha na kuzianika kwenye karatasi ya kalenda. Mwaka uliofuata akazipanda. Zikaota nyingine ndefu, nyingine fupi; nyingine zikazaa matunda ya mviringo, nyingine yenye ncha, na mmoja ukazaa vinyanya vya njano.

"Mjukuu wangu," alisema, "mwenye duka amekuibia."

Nilimweleza kwamba F1 ni mtoto wa wazazi wawili wa aina tofauti, kwamba kizazi cha kwanza hufanana wote na hushinda wazazi wao, lakini watoto wake wanasambaa, kila mmoja na urithi wake. Moneymaker haikuwa hivyo, kwa sababu mnyanya hujichavusha wenyewe, na aina iliyotulia huzaa aina ile ile. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kila mwaka ninunue?"

Ndiyo, nilisema. Kila mwaka.

Hakununua. Mvua za Januari zilipoleta ukungu, minyanya yake ilianguka mmoja mmoja, isipokuwa minne. Mmoja kati ya hiyo, uliokuwa karibu na ukuta wa jiko, alitoka asubuhi akaufunga kitambaa chekundu cha kanga kuukuu. Kutoka kwenye mmea huo tu ndipo alipochukua mbegu. Mwaka uliofuata akafanya hivyo tena, na uliofuata tena.

Nilikuja kutambua kwamba alichokiita wizi ndicho mtafiti wa mbegu anachokitafuta kwa makusudi. Ukitaka aina mpya, unachanganya wazazi, unawaacha wajukuu wasambae, kisha unachagua mmoja, vizazi sita au saba, mpaka watulie. Ndivyo Pritchard alivyoipata Marglobe. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na mashamba na wasaidizi, na bibi alikuwa na minyanya kumi na kipande cha kanga.

Sitaki kumpa bibi sifa asizokuwa nazo. Huenda ule mmea wa kwanza ulipona kwa sababu mabati ya jiko yaliuzuia mvua, wala si kwa urithi wowote. Wakati mwingine nadhani alichagua ukuta, si mbegu. Lakini hata hilo lilikuwa somo. Sasa nimefunika tuta langu kwa nailoni juu ya miti minne, pande zote wazi; nafunga mashina kwenye vijiti, napunguza majani ya chini, namwagilia shinani asubuhi, na kiazi kinachoota chenyewe karibu na tuta naking'oa bila huruma.

Bibi alifariki mwaka 2022. Tulipokuwa tunapanga vitu vyake nilikuta karatasi ya kalenda ya mwezi Machi, mbegu zimegandia kwenye tarehe. Kwa hesabu yangu ni kizazi cha tano. Bado hazijatulia: mwaka jana zilinipa matunda ya maumbo mawili. Moja ni dogo, lenye ngozi laini, tamu kweli, na mmea wake ulianza kuonyesha madoa mwisho wa Februari. Jingine ni kubwa kidogo, chachu, na mmea wake ulikaa wa kijani hadi Aprili.

Ninacho kitambaa kimoja. Nilizunguka lile tuta asubuhi tatu, nikiwaza angefunga upi. Siku ya nne niliufunga ule wenye matunda machachu. Matamu niliyala na chumvi, nimesimama pale pale, na mbegu zake pia nikaziweka kwenye glasi.